Sikio la Mzee Nestori na Simu ya Rumonge

Vijana wangu, kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini halikuvunja kitu, halikumtoa mtu damu, wala hakuna mkubwa aliyeniita ofisini kwa ajili yake. Lilikaa kimya mwaka mmoja na nusu ndani ya droo ya mzee mmoja wa Hallunda, kitongoji cha Stockholm, limefungwa kwenye leso.

Nawaandikia nyinyi mnaosomea kazi za hospitali, hasa wale wawili mlionijia kwenye harusi ya Vårby gård mkasema mnataka kuwa mafundi wa masikio kama mimi. Mliniuliza kazi ikoje. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, nikajibu, "Kazi nzuri." Lile lilikuwa jibu la mtu mwenye njaa. Sasa nimestaafu, nimeshiba, na nina nafasi ya kujibu sawasawa.

Mimi asili yangu ni fundi redio wa Tanga. Nilikuja Sweden kwa mafunzo ya miaka miwili, nikakaa maisha. Karakana ya kwanza iliyonipokea ilikuwa ya kutengeneza mashine za sikio, vile vidude vya plastiki ambavyo wazee huvaa nyuma ya sikio ili sauti iwe kubwa. Nilibadilisha nyaya, nilichokonoa nta. Nta ya sikio haina taifa wala dini, hilo naweza kuliapia. Baadaye nikarudi darasani nikiwa na mvi mbili tatu, nikatoka audionom, yaani mtu wa kupima usikivu na kurekebisha mashine hizo, nikaajiriwa kwenye kliniki moja hapa mjini.

Aliyenifunza kazi pale alikuwa mama mmoja wa Kiswidi, Gunvor, mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyevumilia majigambo. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia kwamba sikio na redio ni ndugu. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Redio ukiitengeneza ikalia, umemaliza," akasema. "Mtu akianza kusikia, ndiyo kwanza umeanza."

Niliitikia kwa heshima. Kuelewa kulinichukua miaka.

Katika miaka ile ya elfu mbili, wazee wengi walianza kufanyiwa upasuaji wa kipandikizi cha sikio. Zamani watu walidhani ni cha watoto tu. Kipandikizi si mashine ya kukuza sauti. Daktari huingiza uzi mwembamba ndani kabisa, kwenye ile sehemu ya sikio iliyojikunja kama konokono, na uzi huo hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Nje, nyuma ya sikio, mtu huvaa mashine yenye kipaza sauti, na kidude cha duara kinachonata kichwani kwa sumaku. Kazi yangu ilikuwa kuipangia mashine hiyo umeme: kiasi gani kwa sauti nzito, kiasi gani kwa sauti nyembamba.

Ndivyo nilivyokutana na Mzee Nestori.

Alikuwa Mrundi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mwalimu wa shule ya msingi enzi zake. Vita vilimfikisha kambini Kigoma. Kule aliugua kifua kikuu, akadungwa sindano miezi kadhaa. Sindano zilimponya mapafu, zikamla masikio polepole. Alipofika Stockholm kwa binti yake Godeliva alikuwa anavaa mashine za kawaida pande zote mbili, na alipofika kwangu alikuwa amepita miaka sabini, sikio la kulia halina kitu kabisa. La kushoto lilibaki na sauti za chini tu: ngoma, lori likinguruma, kile kitako cha sauti ya mtu bila maneno yake. Madaktari wakampandikizia lile la kulia.

Mwezi mmoja baada ya upasuaji tukawasha mashine. Siku ya kuwasha, vijana, msiahidi miujiza. Nilimwekea kidude kichwani, nikafungua sauti kidogo kidogo. Godeliva alikaa mbele yake ameshika mikono yake.

"Baba, unanisikia?"

Mzee alikunja uso. "Niko nasikia bata."

"Ni mimi, baba. Godeliva."

"Basi wewe ni bata."

Tulicheka mpaka Gunvor akafungua mlango kuona kuna nini. Karibu wote husema hivyo siku ya kwanza: bata, mbu, mtu anayeongea ndani ya debe. Ubongo unahitaji kujifunza upya, na ubongo wa mzee unajifunza, asikudanganye mtu.

Halafu nikasema maneno yangu ya kosa. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: "Ile mashine ya zamani ya sikio la kushoto, iweke kando kwanza. Acha sikio jipya lijifunze peke yake."

Hayo ndiyo tuliyofundishwa wakati ule, na kwa majuma machache ya mwanzo yalikuwa na maana yake. Lakini "kwanza" ni neno lenye mkia. Lazima umwambie mtu mkia wake unaishia wapi. Mimi sikumwambia.

Mzee Nestori alikuwa mwanafunzi hodari. Tulimpima ndani ya chumba kisichopitisha sauti: spika inasema neno moja la Kiswidi, yeye analirudia. Baada ya nusu mwaka alipata maneno mengi. Baada ya mwaka akapata mengi zaidi, kwa lugha aliyojifunza uzeeni. Nilijivuna. Kwenye mkutano wa wafanyakazi, watu wakinywa kahawa na kula mikate ya mdalasini, nilionyesha mstari wake ukipanda juu kama mlima. Wakanipigia makofi.

Tulikuwa pia na fomu ya maswali kuhusu maisha. Nilimsomea mwenyewe kwa Kiswahili.

"Mzee, ukikaa na watu wengi inakuwaje?"

"Vizuri."

"Unachoka kusikiliza?"

"Hapana, asante."

"Na simu?"

"Vizuri tu, Bwana Salum. Mungu akubariki."

Nikaweka alama kwenye "vizuri" mpaka chini, nikamwandikia aje mara moja kwa mwaka.

Baada ya miezi kadhaa, Godeliva akaja peke yake. Alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee, bado amevaa viatu vyake vya kazi. Hakutaka kukaa.

"Kaka Salum, nimekuja kusema kitu na usikasirike. Mmempa baba sikio, lakini baba mwenyewe hayupo."

"Hayupo kivipi? Anasikia vizuri sana. Nina karatasi zake hapa."

"Karatasi hazikai na sisi mezani. Akitoka kanisani saa saba anakwenda kulala mpaka jioni. Jumuiya ya kanisa ameacha. Anasema watu wote wana sauti moja, na huyo mtu mwenye hiyo sauti ana mafua. Hata mimi na mume wangu hawezi kututofautisha mpaka atutazame."

"Lakini nilimuuliza, akasema vizuri!"

Godeliva alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Ulimuuliza wewe. Wewe uliyempa sikio. Ulitaka akwambie zawadi yako ni mbovu?"

Lieleweni hilo vizuri, nyinyi mnaotoka kwenye nyumba zetu. Mswidi ukimuuliza shida yake atakueleza na kukuandikia na barua. Mzee wetu atakulinda wewe kwanza. Adabu yake itajaza fomu yote, na wewe utaondoka umefurahi.

Nilikwenda kwa Gunvor nikamweleza. Hakunilaumu. Alisema tu, "Umeliuliza sikio. Nenda ukamuulize mwenyewe."

Jumamosi hiyo nilitoka kwangu Vällingby, nikabadili treni mjini, nikashuka Hallunda. Godeliva alikuwa amepika wali, maharage na samaki. Watoto wake watatu walikuwa wanabishana kwa Kiswidi, televisheni inaongea, feni ya jikoni inavuma, vijiko vinagonga sahani. Mzee Nestori alikaa kichwani mwa meza amevaa koti, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kila mtu anapofungua mdomo. Ungemwona ungesema ni mzee mwenye raha.

Nilijifanya naokota kijiko, nikasema nikiwa nimeinama, "Mzee, nasikia umeuza viatu vyako vyote."

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Mungu ni mwema."

Watoto waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nampima ndani ya chumba kimya, na mtu haishi ndani ya chumba kimya.

Baada ya chakula nilimwomba twende chumbani kwake, nikafunga mlango, nikakaa mbele yake mwangani ili aone mdomo wangu.

"Mzee Nestori, nimekuja kama mdogo wako, sikuja kama fundi. Nimeona kule mezani. Niambie ukweli."

Aliacha lile tabasamu la mezani. Kisha akasema, "Maneno ninayapata. Nikikaza sana ninayapata. Lakini ni kama kusoma gazeti lililolowa maji. Nikimaliza ukurasa mmoja nimechoka. Na watu siwajui, bwana. Sauti haina uso."

"Kitu gani ungependa kusikia kuliko vyote?"

Hakufikiri hata kidogo. "Dada yangu. Kwa simu."

Ndipo akanieleza. Dada yake Yosefina alikuwa bado Rumonge, amepita miaka themanini. Wakati wa vita Nestori alikuwa ameshavuka kwenda Kigoma, Yosefina ndiye aliyebaki na mama yao mpaka mwisho. Namna mama alivyokufa, siku gani, amezikwa wapi, Yosefina peke yake ndiye aliyejua. Godeliva alikuwa akimpigia kupitia simu ya Dezire, mwana wa Yosefina, na shangazi alisalimia, akauliza hali, basi. Akiulizwa habari za mama alijibu neno lilelile: "Hizo nitampa Nestori, sikioni mwake. Sizipitishi kwa mdomo wa mtoto."

"Ni mkaidi," akasema mzee. "Lakini ana haki. Na sasa moyo wake unasumbua. Akienda nazo, zimekwenda."

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, "Ile mashine ya zamani ya sikio la kushoto iko wapi?"

Alifungua droo, akatoa leso, akaikunjua. Ilikuwa humo, safi, imepanguswa.

"Uliniambia niiweke," akasema. "Hukuniambia niitoe."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Nilikuwa na betri mfukoni, kwa sababu fundi wa masikio hatembei bila betri. Nilibandua karatasi yake, nikaiacha dakika nzima ipate hewa, maana betri zile zinahitaji hewa kabla hazijafanya kazi. Ukiziwahi zinakufa mapema, na wagonjwa wengi wanalaumu mashine kumbe ni haraka yao. Nikaiingiza, nikamvalisha mzee mashine sikio la kushoto, kile kipande cha plastiki cha kuingia sikioni kinapiga mluzi kwa sababu sikio lilikuwa limebadilika umbo. Kulia akabaki na kipandikizi chake. Nikafunika mdomo wangu kwa gazeti.

"Mzee, huyu ni nani anaongea?"

Alishtuka. Akaweka mkono kifuani pake. "Mwanamume," akasema. "Ni mwanamume anaongea. Rudia."

Nikarudia. Kisha Godeliva akafungua mlango kuuliza kama tunataka chai, na mzee, bila kugeuka, akasema, "Na huyo ni mwanamke."

Godeliva aliegemea mlango, akaficha uso wake kwa kanga.

Sababu yake ni nyepesi, na mimi niliijua kutoka vitabuni, ila sikuitia maanani. Kipandikizi kinaleta maneno, lakini kile cha wakati ule kilikuwa dhaifu sana kwenye mwimbo wa sauti, ule upandaji na ushukaji unaokwambia huyu ni mama, huyu ni baba, huyu ana hasira. Sikio la kushoto la Mzee Nestori lilikuwa limebaki na hicho hicho tu. Moja lilikuwa na maneno bila sauti, la pili sauti bila maneno. Nami nilikuwa nimelifungia moja kwenye droo.

Jumatatu nikaomba saa za kumfanyia kazi. Daktari mkuu wa kitengo alikuwa mtu mwema, lakini wa mahesabu. Alifungua faili.

"Sikio la kushoto na mashine yake, peke yake, hapati neno hata moja. Sifuri. Tunatafuta nini hapo?"

"Daktari, mguu mmoja peke yake hautembei. Ukiupima peke yake utaandika sifuri."

Alitabasamu, akasema ratiba imejaa. Nilitoka nikiwa nimeshaamua. Gunvor alinikuta kwenye korido, akanisikiliza, akasema, "Saa ya chakula cha mchana haina ratiba." Tangu wiki hiyo, kila Jumanne saa sita, mimi nilikula mkate wangu kwa mkono mmoja na kumfundisha Mzee Nestori kwa mwingine.

Kwanza nilimtengenezea kipande kipya cha plastiki cha sikio, kisipige mluzi. Halafu nikasawazisha pande mbili. Hili ni jambo la mikono, vijana, halimo kwenye kompyuta. Ukiacha upande mmoja upige kelele kuliko mwingine, ubongo unachagua mwenye kelele na kumtupa mnyonge. Nilimwambia afumbe macho, nikasimama mbele yake nikihesabu, naye aonyeshe kwa kidole sauti imekaa wapi kichwani. Siku za mwanzo alionyesha sikio la kulia. Baada ya majuma matatu alionyesha katikati ya paji la uso, akafumbua macho, akacheka mwenyewe.

Pili nilitupa orodha ya maneno ya Kiswidi. Dada yake hazungumzi Kiswidi, na kwao Rumonge walikua wakiongea Kiswahili. Niliandika yangu, jozi kwa jozi: pata na bata, kuku na kaka, shuka na suka, tano na tatu. Namba nilizitilia mkazo, kwa sababu kwenye simu namba ndizo zinazopotea kwanza. Nilisoma nikiwa nyuma yake. Siku moja nikasoma neno, akanyamaza.

"Hujasikia, mzee?"

"Nimesikia vizuri sana. Ila hilo si Kiswahili."

"Ni Kiswahili cha Tanga."

"Ndiyo nimesema."

Tatu, simu. Watu wote wa kipandikizi huweka simu kwenye tundu la sikio kwa mazoea. Huko hakuna kitu! Kipaza sauti kiko juu, kwenye mashine, nyuma ya sikio. Nilimfundisha kuipandisha simu, akaonekana kama anachana nywele nayo, na wajukuu wake wakamwiga nyumba nzima. Lakini hiyo ilikuwa ya sikio moja, nami nilitaka yote mawili. Nikamtafutia kamba ya kuvaa shingoni inayochomekwa kwenye simu. Kamba hiyo inatoa nguvu ya sumaku, na mashine zote mbili, ukizigeuza kwenye alama ya T, zinaipokea kwa pamoja. Simu inaingia masikio yote mawili, na feni ya jikoni inabaki nje. Nilikaa chumba cha pili, nikampigia. Tulianza na mambo tuliyokubaliana: salamu, kisha hali ya hewa, kisha chakula. Kisha nikaanza kuruka nje ya ratiba. Majira ya baridi yakapita hivyo. Kuna Jumanne alikuja na betri zimekufa kwa baridi kituoni, nikamfundisha kuweka za akiba mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili. Kuna Jumanne alikuja amechoka akasema tuache. Nilimwambia, "Leo tuache. Jumanne ijayo hatuachi."

Mwanzoni mwa kiangazi tukapiga Rumonge kwa mara ya kwanza, kutoka sebuleni kwa Godeliva. Ilikuwa balaa. Dezire alikuwa amesimama sokoni, pikipiki zinapita. Bibi Yosefina, kwa kujua kwamba ndugu yake ni kiziwi, alipiga kelele kwa nguvu zake zote. Sauti ikapasuka, ikarudi na mwangwi wake. Mzee Nestori alisikia mngurumo mtupu. Alivua kamba, akavua mashine zote mbili, akaziweka mezani moja moja, akaenda kusimama dirishani akitugeuzia mgongo.

Godeliva alianza kulia. Mimi, niwaambie kweli, nilikuwa na hasira, hasira ya kazi. Nilikuwa nimeandaa masikio mawili kwa miezi na kusahau kwamba simu ina ncha mbili.

Kesho yake nikampigia Dezire mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa makini, akanielewa upesi. "Mkalishe mama ndani, mbali na barabara," nikamwambia. "Asipige kelele. Aongee kama anavyoongea na mtu aliyekaa naye kwenye mkeka. Sentensi moja, kisha anyamaze, asubiri. Asipoeleweka asirudie maneno yaleyale, aseme kwa namna nyingine. Na namba azitaje moja moja." Dezire akamfanyisha mama yake mazoezi wiki nzima, kwa simu mbili, yeye yuko uani. Nasikia bibi alikuwa akimwambia, "Yaani mimi, na meno haya mawili, ndiyo nasomeshwa kuongea."

Mzee ilibidi kumbembeleza. Alikubali kwa sharti kwamba ikishindikana tena asiambiwe habari ya simu maisha yake yote. Nikakubali sharti hilo bila nia ya kulitimiza.

Jumamosi alasiri, televisheni imezimwa, feni imezimwa, watoto wamepelekwa uwanjani na baba yao. Mzee akavaa kamba. Mimi nilikuwa na kisikilizio kidogo pembeni ili nisikie kama kuna hitilafu.

"Dada," akasema. "Ni mimi. Nestori."

Ikaja sauti ya kizee, taratibu: "Wewe si Nestori."

Nilimtazama usoni. Alikuwa amesikia.

"Ni mimi, dada."

"Nestori haongei hivyo. Wewe unaongea kama mtu anayesoma tangazo."

Kweli, mtu aliyekaa kiziwi miaka mingi sauti yake hubadilika. Hilo sikuwa nimemwonya bibi. Nilinyoosha mkono kuchukua simu nieleze. Mzee akanizuia kwa kiganja.

"Niulize kitu," akasema.

Bibi akafikiri. "Nani alivunja chungu cha shangazi?"

"Umevunja wewe. Mimi ndiye niliyepigwa."

Kule Rumonge bibi Yosefina akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, kinaanzia chini kifuani, kinapanda, kinakatika, kinaanza tena. Mzee Nestori akashika kamba ya shingoni kwa mikono miwili.

"Ni yeye," akaniambia. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu. "Salum, ni yeye. Anacheka vilevile."

Walisalimiana muda mrefu, namna ya watu wazima, wakiulizana mtu mmoja mmoja, walio hai na marehemu. Kisha nikasikia bibi anasema, "Sasa kaa vizuri, nikupe habari za mama."

Nilichomoa kile kisikilizio changu. Nikamgusa Godeliva bega, tukatoka, tukafunga mlango. Tulikaa jikoni. Ilichukua karibu saa nzima. Alipotoka, mashine zote mbili ziko masikioni, alimwomba binti yake maji, akanywa yote, akasema anakwenda kulala kidogo. Safari hii hakuwa amechoka kusikiliza. Hakutueleza kitu, na mimi mpaka leo sijui bibi Yosefina alimwambia nini.

Sehemu moja tu niliijua. Jumapili ya pili yake aliniomba nije kanisani kwao. Mimi Mwislamu wa Tanga nikakaa benchi la nyuma na shati langu la Idi. Padri alipowaita watu wataje marehemu wao, Mzee Nestori alisimama. Kwa miaka yote alikuwa akitaja jina tu la mama yake, bila siku wala mahali. Siku hiyo alitaja jina, akataja siku, mwezi na mwaka, akataja kilima alipozikwa na mti ulio upande wa kaburi. Halafu akakaa. Baada ya ibada hakukimbilia kulala. Aliingia kwenye ukumbi wa kahawa, akasimama katikati ya watu, anageuza kichwa kila upande anapoitwa.

Nyinyi mtasema nilipaswa kuridhika. Lakini mimi nilikuwa nimeshadanganywa na "vizuri" mara moja, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Jumatatu, kabla sijavua koti, nikampigia Dezire, nikamwomba amuulize mama yake mambo mawili tu ambayo mzee aliyasema mbele ya watu: tarehe na kilima. Nilisubiri kwenye simu. Habari zilikuwa zimeshafika sikioni mwa Nestori, basi nikamsikia bibi anamjibu mwanawe kutoka ndani, namba moja moja, kama alivyofundishwa.

Vyote vilikuwa sawasawa. Nikafungua faili la Mzee Nestori, nikapiga mstari juu ya zile alama zangu zote za "vizuri", na pembeni yake nikaandika kwa kalamu: masikio yote mawili, yasitenganishwe.